Kicheko Nilichofundishwa

Mimi nikiogopa nacheka. Sisemi natabasamu. Nacheka hasa, kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka machozi yanatoka. Wapo watu waliokaa jirani nami Kisenyi kwa miaka wakidhani mimi ndiye mwanamke mchangamfu kuliko wote mtaani. Tulipomzika baba nilicheka kaburini, shangazi zangu wakanishika mikono wakanipeleka nyuma ya nyumba ili wageni wasinione. Walidhani nimepungukiwa adabu, au akili. Sikujitetea.

Sasa nina mvi na naandika, na kuna jambo nataka lieleweke mapema. Siombi huruma. Huruma nimepewa ya kutosha, nyingine na watu wasioweza kumlinda hata mtoto wao wenyewe. Naandika kwa sababu kicheko hiki kilikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo nataka ajulikane kwa kazi yake, hata kama sitaichafua karatasi yangu kwa jina lake.

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa kwenye laini za polisi. Laini ni zile nyumba za askari zilizojengwa kwa safu, kila familia chumba chake, mabati juu, na kuta zisizofika kwenye paa. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, Mwislamu. Mama alikuwa Mganda wa Lubaga, Mkatoliki. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu kulisemwa Kiswahili cha kambini, na sisi tulikula Idi na tukala Krismasi bila kuulizwa swali.

Kwenye laini, kila mwanamume aliyevaa sare kama ya baba alikuwa baba mdogo wetu. Si kwa damu, kwa sare tu. Baba mdogo akikutuma unakwenda. Akikuita unaitika na kupiga magoti, maana mama alitulea Kiganda kwa upande huo. Baba akiwa zamu na mama yuko sokoni, unakaa kwa baba mdogo wa chumba cha pili mpaka warudi. Ulikuwa utaratibu mzuri, na uliwalea watoto wengi salama. Nausema wema wake kwa makusudi, kwa sababu sitaki mtu anielewe kwamba kosa lilikuwa la desturi. Kosa lilikuwa la mtu mmoja, na alijua anachofanya.

Aliyonifanyia sitayaandika. Anayetaka kuyajua ajiulize anayatakia nini. Ninachoandika ni hiki tu: kuta zile hazikufika juu, na mtu akikohoa chumba cha tatu ulimsikia. Kwa hiyo aliniambia nicheke. “Cheka,” alisema, “watu wasikie tunacheza.” Nikacheka. Nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa mtoto mtiifu.

Baadaye alihamishiwa kituo kingine, mambo yakaisha, kicheko kikabaki. Kilikuja mwalimu alipoinua fimbo. Kilikuja mama alipougua. Kilikuja siku mchumba wangu wa kwanza aliponishika mkono, naye akaona namdharau, akaenda zake. Sikumlaumu, na wala sikumlilia. Kulia nako kulikuwa kumekwenda mahali nisipopajua.

Nilipata kazi ya ushonaji, na cherehani yangu ya miguu ikawa kwenye baraza ya duka moja Kisenyi. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee aliyenitoza kodi ndogo. Yeye na watu wake walipofukuzwa nchini, duka likapewa askari ambaye hakujua tofauti ya uzi wa kushonea na uzi wa kufuma, lakini baraza akaniachia. Nilikuwa fundi mwenye kasoro moja ambayo wateja waliifanyia mzaha: sikupenda kumgusa mtu. Nilimpa mteja futi ajizungushie mwenyewe kifuani na kiunoni, mimi nikisoma namba kwa mbali. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa ule walipenda sana hivyo. Waliniona mwenye heshima.

Kisha ikatoka amri kwamba nguo fupi marufuku, na kazi ikanimiminikia. Wanawake walileta magauni wakitaka yaongezwe pindo kwa kitambaa chochote kilichopatikana, wengine wakiwa wamefukuzwa barabarani, wengine wamepigwa. Walikaa kwenye benchi langu wakilia na kutukana kwa sauti ya chini. Mimi nilishona nikicheka. “Mama huyu,” walisema, “hana woga hata kidogo.” Walinisifu kwa kitu nisichokuwa nacho.

Miaka ile mji mzima ulijifunza kazi ya uso. Watu walijifunza kutosikia mlio wa risasi, kutoona gari lililomchukua mtu, kusema salama huku mguu unatetemeka chini ya meza. Nakiri niliwatazama na kuwaonea wivu, kwa sababu wao walijifunza ukubwani, na kila mtu aliijua sababu. Jirani akinyamaza ghafla kila mtu alielewa. Mimi nilikuwa nimenyamaza kwa kicheko tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja Mkongo aliyeuza vitenge soko la Nakivubo. Alikimbia vita vya kwao akaja na mzigo wa vitambaa kichwani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyewashonea wateja wake, tulikuwa pamoja karibu kila siku. Mchana mmoja tulikuwa tunapeleka furushi la nguo mjini, askari wakatusimamisha kwenye kizuizi. Mmoja akaelekeza mtutu kwenye furushi akaniuliza tumebeba nini. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika magoti. Yule askari akanikodolea macho, kisha naye akaanza kucheka, akatupungia mkono tupite. Tulivuka barabara, Mama Mkongo akasimama.

“Dada,” akasema, “mi nilikuwa naangalia macho yako. Macho haikucheka hata kidogo.”

“Macho imechoka.”

“Hapana. Ile kicheko niko naijua. Mdogo wangu alikuwa nayo, tangu vita.” Akalitua furushi chini. “Hasira yako iko wapi, dada? Mtu anakuwekea bunduki, hasira yako inakwenda wapi?”

Sikuwa nimewahi kuitafuta. Niliporudi kwenye cherehani nilifikiri juu ya swali lile mpaka nikaona aibu, kwamba mtu mzima hajui hasira yake inakaa wapi. Nikaanza kuichunguza. Niligundua kwamba siku nilizomkumbuka baba mdogo yule, sindano zilivunjika. Miguu ilikanyaga cherehani kwa nguvu ambazo mimi sikuwa nimeziagiza, kitambaa kikavutika, sindano ikakatika. Hasira ilikuwa miguuni. Nadhani ilishuka huko zamani, ikakosa mtu wa kuipandisha.

Nikajifundisha. Kicheko kikianza, nilisimamisha gurudumu la cherehani, nikaweka viganja vyote viwili juu ya meza pale ambapo pasi ya makaa ilikuwa imeacha joto, nikajisemea polepole: hii ni hofu. Au: hii ni hasira. Au: hii sijui. Mwanzoni nilijiona mjinga kama mtu anayejifunza kusoma akiwa na wajukuu. Mara nyingi kicheko kilinishinda, na wateja wakacheka pamoja nami. Lakini viganja vilikuwa vyangu, na meza ilikuwa yangu, na ile sentensi fupi ilikuwa yangu. Nilianza kujua ninachokihisi kabla hakijanipita.

Katika miezi hiyo mdogo wangu alipatwa na msiba usio na jina. Mume wake, karani, alichukuliwa kazini na watu waliokuja kwa gari, na hakurudi. Hakukuwa na maiti, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Hakuruhusiwa kujiita mjane, na hakuwa na mume. Alibaki Lubaga katika nyumba ya kupanga, na binti yake mmoja aliyekuwa darasa la pili.

Alikuja barazani kwangu amebeba mkononi kitambaa cha rangi ya maji ya bahari, akiwa na nafuu usoni ambayo sikuwa nimeiona tangu mumewe apotee.

“Dada, Mungu amefungua,” akasema. “Unakumbuka baba mdogo ile ya chumba ya pili? Sasa ni mtu mkubwa. Amesikia tabu yangu. Anataka kuchukua mtoto, akae kwake, asome shule mzuri. Jumapili anakuja kumchukua. Mushonee gauni.”

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kicheko. Nikaweka viganja mezani, nikajisemea hii ni hofu, hii ni hofu, lakini kicheko hakikusikia. Katikati yake nilijaribu kupenyeza maneno: asiende, yule mtu, mimi, wakati ule. Yalitoka vipande vipande, kila kipande kimefungwa ndani ya kicheko.

Mdogo wangu akasimama. “Wewe nacheka? Bwana yangu amepotea, mtoto yangu hana chakula, wewe nacheka?”

“Mimi hapana cheka wewe.”

“Basi unacheka nani?”

Akaacha kitambaa juu ya cherehani akaondoka. Nilimwelewa. Hata mimi nisingemwamini mtu anayesema jambo kama lile huku anacheka. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi yule mtu alivyokuwa fundi kunishinda. Alinishonea mdomo kwa namna ambayo hata ukifunguka, kinachotoka kinamsafisha yeye.

Gauni nilishona. Nilishona nikafumua, nikashona tena nikafumua, nikidhani nikichelewesha gauni nitaichelewesha Jumapili. Mama Mkongo alinikuta nafumua pindo lisilokuwa na kosa. Safari hii nilimweleza yote, na nilicheka mwanzo mpaka mwisho, naye alikaa kwenye benchi akanisikiliza bila kucheka. Nilipomaliza nikamwambia tatizo langu ni kwamba sitaweza kusema Jumapili, kwa sababu nitacheka tu, na hakuna atakayeniamini. Nilimwambia nahitaji muda zaidi, nijizoeze, mpaka niweze kusema kwa uso unaofaa.

“Mi nimeamini,” akasema. “Na umecheka.”

Jumapili nilipanda Lubaga na gauni ndani ya gazeti. Kengele za kanisa kuu zilikuwa zimemaliza kulia na watu walikuwa wanashuka kilima kwa nguo zao nzuri. Niliingia nikamkuta ameshafika. Alikuwa amenenepa. Alivaa viatu vya soli nene, vile walivyovaa watu wa usalama, wa zile ofisi ambazo hakuna aliyeuliza kazi zake, na juu ya meza aliweka mfuko wa sukari, wakati mjini sukari ilikuwa habari tu. Binti wa mdogo wangu alikuwa amechanwa nywele. Sanduku lake dogo lilikuwa mlangoni.

Mdogo wangu alileta matoke na mchuzi wa karanga, kisha akamwashiria mtoto alete maji ya mgeni kunawa. Kwetu ndivyo ilivyo: msichana wa nyumba anachukua jagi na beseni, anapiga magoti mbele ya mgeni, anammiminia maji mikononi. Mtoto akapiga magoti. Yule mtu akanyoosha mikono, akanawa polepole, mikono yote na vidole vyote, akimtazama mtoto usoni. “Mtoto ana adabu,” akasema. “Anacheka mzuri?”

Nilivuka chumba nikalichukua jagi mkononi mwa mtoto, beseni likabaki sakafuni miguuni pa mgeni. Nilimwambia aende akae kwa mama yake. Halafu nikammiminia yule mtu maji nikiwa nimesimama.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wake. Mdogo wangu alishtuka kama nimemtemea mgeni mate. Mwanamke kumnawisha mzee akiwa wima, tena mzee aliyekuja kusaidia, ni tusi ambalo halihitaji maneno. Yeye aliinua macho. Nadhani hapo ndipo aliponitambua.

“Mwanangu,” akasema, “siku hizi wewe hapana jua kupiga magoti?”

Kicheko kikaja. Nilikisikia kikianzia tumboni, nikajua hakitazuilika, na kwa mara ya kwanza maishani sikujaribu kukizuia. Nilikuwa nimechoka kungojea uso unaofaa. Viganja vyangu vilikuwa kwenye jagi, miguu yangu ilikuwa na hasira yake yote, na nilisimama juu yake nikacheka na kusema.

“Mimi nacheka kwa sababu wewe ulinifundisha. Ulisema, cheka, watu wasikie tunacheza. Nilikuwa darasa ya pili. Kila siku baba yangu akiwa zamu, ulisema cheka. Nimecheka mpaka leo. Huyu mtoto hapana cheka kwako.”

Maji yalikuwa bado yanatoka. Beseni lilijaa, likafurika, likamwagikia viatu vile. Nilizidi kumimina. Alivuta miguu.

“Wewe najua mimi nafanya kazi wapi?” akauliza, kwa upole kabisa.

“Najua. Mji yote tunajua.”

Nilimgeukia mdogo wangu nikiwa bado nacheka, machozi yananitoka, na nikajiandaa kwa hasira yake. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

“Nilikuwa nasikia,” akasema. Hakuwa anasema nami hasa. “Kwenye ukuta. Mimi niko chumba yetu, peke yangu, nasikia wewe unacheka kwa baba mdogo. Nililia. Nilisema kwa nini anaita dada, mimi haniiti.”

Alikuwa amekisikia kicheko kile kwa masikio yake, juu ya ukuta usiofika kwenye paa, na alikuwa amekionea wivu miaka yote. Ndicho hichohicho. Hakuhitaji uso wangu wala shahidi mwingine. Yule mtu alikuwa ameagiza kisikike, na kilisikika.

Mdogo wangu alikwenda mlangoni akachukua sanduku la mtoto, akalirudisha chumbani. Aliporudi alisema neno moja kwa mgeni, “Nenda,” bila kumwita baba mdogo wala bwana. Yeye alisimama akitafuta taulo. Hakuna aliyempa. Aliondoka na mikono inayodondosha maji, na kwa dirisha tulimwona akiifuta kwenye suruali yake kabla ya kufungua gari.

Matoke yalikuwa yamepoa. Mdogo wangu alikaa chini, mimi nikakaa pembeni yake, na nikaruhusu anishike. Baadaye nililia, kilio kibaya chenye kelele, ambacho sikukijua kama ni changu. Jioni ile tulihamia sote kwangu Kisenyi, katika chumba cha nyuma ya baraza. Tulilisubiri gari lake. Kwa wiki nyingi kila gari lililopunguza mwendo Kisenyi lilikuwa lake. Halikuja, na sijui kwa nini, wala sijamshukuru mtu kwa hilo. Watu wengine walinishauri baadaye nimsamehe ili moyo upumzike. Moyo wangu umepumzika bila msamaha. Ninaulaza mahali ninapotaka.

Na sukari? Mdogo wangu alitaka kuitupa. Nilimkataza. Tuliinywa yote, chai baada ya chai, na mama Mkongo tulimwita naye anywe.

Mtoto alikua kwenye baraza ile, akijifunza kutia uzi kwenye sindano. Hakuna aliyemweleza kila kitu, lakini alielewa kilichomhusu. Kila nilipocheka, aliacha anachofanya akanitazama macho. “Mama mkubwa,” aliniuliza, “hiyo ni ya woga?” Nami nilimjibu kweli. Nikisema ndiyo, alikuja akasimama karibu na cherehani, bila kunigusa, mpaka kiishe.

Mwaka ambao utawala ule wa askari ulianguka, wakubwa walikimbia kwa magari kuelekea kaskazini. Mtu aliyemfahamu baba alikuja barazani na habari, amevua kofia kwa heshima: baba mdogo wetu wa zamani amefia njiani, hata kaburi halijulikani. Alisema pole sana. Mdogo wangu aliendelea kukata kitambaa. Mimi nikaanza kucheka.

Mtoto, ambaye sasa alinifikia begani, aliweka sindano chini akanitazama usoni kwa makini.

“Mama mkubwa, hiyo ni ya woga?”

“Hapana,” nikamwambia. “Hii ni yangu.”